Peoni Zilizochanua Shard End

Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Mwanamize alipiga magoti juu ya kipande cha ubao nyuma ya nyumba yake ya Kingstanding, akachomeka rula ya skuli ya binti yake kwenye udongo, akasoma kina: sentimita tatu na nusu. Akaandika kwenye kidaftari. Shina la pili, tatu kamili. Shina la tatu, tatu na nusu tena. Akakaa kitako akakitazama kidaftari kama mtu aliyeletewa risiti ya kitu ambacho hakukinunua.

Kila aliyemuuliza, kuanzia muuza miche wa Erdington mpaka wanawake wa video za bustani kwenye simu, alikuwa na jibu moja: mmea wa peoni usiotoa maua umefukiwa mno. Yale macho yake, vichipukizi vyekundu vinavyokaa juu ya mzizi, yanataka kuihisi baridi ya Januari. Ukiyafukia zaidi ya vidole viwili au vitatu, yanasusa, yanatoa majani matupu.

Hizi hazikufukiwa mno. Jua zilipata, kwa sababu mwaka uliopita Maulid, mumewe, alimwomba jirani ruhusa akakata matawi yaliyokuwa yakizitia kivuli. Maji zilipata. Mbolea zilipewa, kisha zikanyimwa, kwa kuwa wengine walisema mbolea nyingi huzitia uvivu. Wala hazikuhamishwa. Hakuna kitu peoni inachokichukia kama kuhamishwa, na hizi, kwa unene wa mizizi yake, zilikuwa pale pale kabla Mwanamize hajazaliwa.

Shirika la nyumba za kupangisha liliwapa funguo miaka minne nyuma, mwanzoni mwa Novemba. Kabla ya hapo waliishi miaka sita katika vyumba viwili juu ya duka la mazulia, Erdington, ambako ukuta wa upande wa kitanda cha binti yao Asmahan ulikuwa ukitoa jasho, na mtoto akilala na dawa ya pumu chini ya mto. Nyumba ya Kingstanding ilikuwa na vyumba vitatu, dari zilizopakwa rangi mpya, na bustani. Ofisa aliyewakabidhi alisema mpangaji wa zamani amehama. Mwanamize hakuuliza amehamia wapi. Aliyesubiri miaka sita haulizi. Tangu wiki ile Asmahan hakukohoa tena, na sasa alikuwa na miaka kumi na sita, ana sauti kubwa na maoni juu ya kila kitu.

Kwao Unguja Mwanamize alisifiwa mkono wake wa kupanda. Hata hapa, asumini yake ya dirishani mwa jiko ilitoa maua Novemba, nje mawingu yamefunika kama kifuniko cha sufuria. Kila alichokipanda kilimsikiliza isipokuwa peoni. Kila Mei zilitoa matumba, mviringo, magumu, makubwa kama ndimu, halafu siku moja matumba hayapo. Hayakunyauka wala hayakuanguka. Maulid aliwashuku kindi. Asmahan alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba pengine hayo si maua, ni majani yenye tamaa.

Mwaka huu yalitoka matumba kumi na moja. Mwanamize akayafunga kila moja uzi wa kijani shingoni, apate kuyahesabu vizuri.

Ijumaa ambayo skuli zinafunga kwa likizo fupi ya Mei, saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye jiko la skuli, alikuwa akianika nguo. Akaona tumba la kwanza linazama. Lilirudi ndani ya shina lake lenyewe, uzi na kila kitu, na shina likavimba pale lilipo, na ule uvimbe ukateremka polepole kama tonge linavyoteremka kooni, ukafika kwenye udongo, ukapotea. Likafuata la pili. Mwanamize alibaki na kibanio mdomoni. Lilipozama la kumi na moja, alianika soksi zilizobaki, akaingia ndani.

"Si kindi," alimwambia Maulid, aliyekuwa akifunga viatu vyake vya kazi. Maulid aliendesha foklifti kwenye ghala.

"Ni nini?"

"Yanateremka. Yenyewe. Ndani ya shina."

"Yanateremka kwenda wapi?"

"Chini."

Maulid akamaliza kufunga kiatu cha pili. "Basi yatakuwa chini," akasema, akaenda kazini.

Jambo lililomsumbua Mwanamize si kwamba yalizama. Ni kwamba hakujua yeye amekosea wapi. Siku nzima, huku akipakua viazi kwa watoto mia mbili, alikuwa akirudia hesabu: kina, jua, maji, mbolea. Kila kitu kilikuwa sawa. Alichanganyikiwa hadi akampa mtoto mmoja kastadi juu ya samaki.

Jumapili alikuja Mumbua, Mkamba wa Machakos aliyepanga mtaa wa pili, ambaye Mwanamize alimjua tangu siku walipokuwa kwenye foleni ya posta na kila mmoja akamsikia mwenzake anagombana na simu kwa Kiswahili. Mumbua alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee kule Shard End, ng'ambo ya mji. Alikunywa chai, akatazama nje ya dirisha, akaona mashina ya kijani yasiyo na kitu.

"Mama Asma, hata wewe uko na hizo? Kwetu kazini zimetoka tena. Kubwa, za pinki, kama kabeji. Chumba namba kumi na nne."

"Kwenye chombo cha maua?"

"Kwenye zulia."

"Zulia," alisema Mwanamize.

"Zimeota kwa zulia. Kila Mei. Lakini mwaka huu zimekuja na nyuzi, sijui nani amezifunga. Nyuzi za kijani."

Mwanamize akaweka kikombe chini. Akaenda kwenye droo ya jikoni, akarudi na kidonge cha uzi, akakiweka mezani mbele ya Mumbua. Mumbua akakishika, akakigeuza.

"Eeh," akasema. "Ni huu. Si basi kesho uje uziangalie, kama ni zako?"

Jumatatu ilikuwa sikukuu, mvua ikinyesha, wakapanda mabasi mawili hadi Shard End. Mlangoni, meneja wa nyumba ile, mwanamke mwembamba aitwaye Jemima, alimpa Mwanamize kalamu aandike jina kwenye kitabu cha wageni, kisha akamwuliza kama mimea ni yake.

"Iko kwangu," alijibu Mwanamize. "Sijui kama ni yangu."

Jemima alishukuru kupata wa kuongea naye. Alieleza kwamba mwaka wa kwanza walibadilisha zulia. Mwaka wa pili waliyakata, yakaota upya kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa tatu walimhamishia mzee wa namba kumi na nne chumba namba tisa, na maua yakaenda namba tisa, ambako yalimsumbua mzee mwingine mwenye mafua, kwa hiyo wakamrudisha. Siku hizi wanaweka koni ya manjano ya kuonya watu wasijikwae na kujaza fomu. Kwenye fomu hakuna sehemu ya maua, alisema, kwa hiyo anajaza kwenye sehemu ya maji yaliyomwagika.

Katika chumba namba kumi na nne peoni zilikuwa wazi. Mwanamize alisimama mlangoni. Miaka minne alikuwa akiyawaza maua yale, na hakuwahi kuyawaza makubwa kiasi hiki. Yalitoka kwenye zulia la kijivu bila kulichana, marefu hadi gotini, petali juu ya petali juu ya petali, na harufu yake ilikuwa katikati ya waridi na limau. Sisimizi walipanda na kushuka kwenye mashina, wakatoka kwa mstari hadi pembeni mwa ukuta, wakaingia wanakojua wao. Aliinama akahesabu. Kumi na moja, kila moja na uzi wake, na mafundo yalikuwa yake, mafundo mawili-mawili kama anavyofunga siku zote.

Kwenye kiti karibu na dirisha alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mzee sana, amevaa koti la mvua lililofungwa vifungo hadi juu. Miguuni pake kulikuwa na sanduku dogo.

"Huyu ni Denise," alisema Mumbua kwa Kiingereza. "Denise, huyu ni rafiki yangu, amekuja kuona maua."

"Anatoka ofisini?" aliuliza bibi. Akamgeukia Mwanamize. "Wamemaliza paa?"

Mwanamize hakuelewa. "Paa lipi?"

Bibi Denise alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na asiyechoka. Miaka minne iliyopita, mwezi wa Oktoba, maji yaliingia kupitia dari ya chumba cha mbele huko juu, yakateremka kwenye ngazi. Aliteleza, akavunjika mkono. Shirika la nyumba likaja likaangalia, likasema itabidi atoke kwa wiki mbili watengeneze. Alichukua nguo za wiki mbili. Alizaliwa mwaka ambao Vita Vikuu vya Pili vilikuwa bado vikipiganwa, aliingia nyumba ile akiwa na umri wa miaka minane, akafanya kazi kwenye kiwanda cha skrubu hadi kilipofungwa, akamuuguza mamake chumba kile kile cha mbele. Peoni zilipandwa na mamake. Hakuwahi kulala kwingine zaidi ya hospitali na Weston, mara moja, pwani, na hakupapenda.

"Mlango wa nyuma watauharibu," alisema. "Sikuwaambia. Lazima uunyanyue kidogo kabla ya kusukuma, la sivyo unakwama. Ningewaambia."

Mwanamize aliujua mlango ule. Aliunyanyua kila asubuhi. Alijua pia, sasa, kwa nini dari za nyumba yake zilikuwa na rangi mpya siku alipokabidhiwa. Mlangoni mwa chumba palibandikwa picha ya Bibi Denise, ya siku aliyofika, katikati ya Oktoba ile, kwa kuwa kila mzee hupigwa picha siku ya kwanza. Mkono wake wa kulia ulifungwa plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

"Kwa hiyo?" bibi aliuliza tena. "Wamemaliza?"

"Wanaendelea," alisema Mwanamize.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa subira. Kwenye basi la kurudi, Mwanamize alikaa na uso umegeukia kioo, peke yake, kwa kuwa Mumbua alibaki zamu.

"Sasa unataka tufanyeje?" Maulid alisema jioni ile, baada ya kusikia yote. "Hatukuvunja mlango, Mama Asma. Tulipewa funguo, tena na watu wenye tai."

"Mie najua nimemdanganya mtu mzima wa miaka themanini na ushei."

"Umemwambia wanaendelea. Pengine wanaendelea."

"Na nini?"

Maulid akafikiri. "Na mambo yao." Kisha akashusha sauti, maana Asmahan alikuwa juu. "Ukienda kule ofisini ukawaamsha, watamwondoa nani? Watarudi kututia juu ya duka la mazulia. Humkumbuki mtoto alivyokuwa anahema?"

Alimkumbuka. Ndiyo maana hakulala vizuri, na ndiyo maana Jumanne alikwenda ofisini bila kumwambia mumewe.

Ofisi ya shirika ilikuwa ghorofa ya tatu katikati ya mji. Ofisa aliyempokea aliitwa Jeannine, na alipomsikia Mwanamize anahangaika na Kiingereza cha barua za kiofisi alitabasamu, akahamia Kiswahili cha kwao Bukavu.

"Mama, karibu, usiogope. Nipe anwani."

Akaingiza anwani kwenye kompyuta. Akasoma kwa muda.

"Mi naona hapa. Ule mama aliachaka nyumba ye mwenyewe. Alisaini karatasi ya kuirudisha, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi. Tazama, saini iko."

Mwanamize aliitazama saini kwenye kioo. Ilikuwa nzuri, imelala upande, imepigwa mstari chini.

"Tarehe kumi na tisa mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta," alisema. "Nimeona picha."

"Labda aliandika na wa kushoto."

"Hii imeandikwa na kushoto?"

Jeannine akasogeza uso karibu na kioo, akaangalia vizuri, kwa haki. "Hapana," alikubali. "Hii ni mkono yenye iko nzima."

"Basi si yake."

"Mama, iko hivi. Mtu akiona makosa anapaswa kulalamika mbele ya mwaka moja kuisha. Ule mama hakulalamika."

"Hajui. Anadhani mnatengeneza paa."

"Sasa kama hajui, atalalamika juu ya nini?"

Mwanamize alijaribu kuifuata njia ya maneno yale, akaona inamrudisha alipoanzia. Alieleza kuhusu maua, akidhani huenda yangesaidia. Jeannine alisikiliza bila kumkatiza, akafungua ukurasa mwingine. Kwa mujibu wa mkataba, alisema, mimea ya bustani ni mali ya nyumba, na kuihamishia jengo lingine kunahitaji kibali cha maandishi. Lakini kwa kuwa ilihama yenyewe, hatamwandikia onyo. Akaikunja mikono mezani, akauliza kwa upole kabisa, kama dada:

"Mama, we unataka kurudisha nyumba?"

Mwanamize aliona ukuta unaotoa jasho. Alimwona Asmahan amekaa kitandani na mabega yamepanda masikioni, anatafuta pumzi.

"Hapana," alisema.

"Njo vile basi," alisema Jeannine, akafunga faili.

Alhamisi alirudi Shard End peke yake. Mumbua alikuwa akitandika kitanda. Mwanamize alipita pembeni mwa koni ya manjano, akavuta kiti, akakaa mbele ya Bibi Denise magoti kwa magoti, maua yamewazunguka.

"Siku ile nilikwambia uongo," alisema. "Mimi sitoki ofisini. Mimi ndiye ninayekaa ndani ya nyumba ile. Mimi na mume wangu na binti yetu. Tumo miaka minne."

Mumbua aliacha kutandika, shuka mkononi.

Bibi Denise alimtazama. Sisimizi mmoja alipanda kwenye koti lake, akafika kwenye kola, akageuka.

"Paa linavuja?" aliuliza.

"Halivuji."

"Kwa hiyo walilitengeneza."

"Tulilikuta limetengenezwa."

"Liliwachukua muda gani?"

Mwanamize alipiga hesabu. Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, na rangi ilikuwa imekwisha kukauka. "Nadhani wiki mbili," alisema.

"Kama walivyosema," alisema Bibi Denise.

Akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia juu. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika vizuri, kwa hiyo ilichukua muda. Mumbua, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumwona bila koti mchana, aliweka shuka chini akamsaidia kutoa mikono. Ndani alivaa sweta la bluu lililotobolewa na nondo.

"Wewe ulijua?" bibi alimwuliza Mumbua.

"Tuliambiwa tusikukoroge roho, Denise."

"Roho yangu," alisema bibi, kama mtu aliyetajiwa jina la mtaa asioujua. Kisha akamgeukia Mwanamize. "Nataka kuiona."

Jemima alisema inawezekana. Jumamosi, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja, kwa sababu saa kumi na moja na nusu ni chakula cha jioni. Alijaza fomu ya matembezi. Kwenye sehemu ya mahali anapokwenda aliandika: kwa marafiki.

Jumamosi jua lilitoka. Teksi ya Kulwinder, dereva aliyezoea kuwabeba wazee wa nyumba ile, ilisimama mbele ya nyumba yao, namba hamsini na tatu, saa sita na dakika chache. Maulid, aliyekuwa ameambiwa yote siku iliyotangulia, ndiye aliyetoka kumpokea. Alivaa shati la Idi. Alimpa mkono, akamwongoza hatua kwa hatua hadi ndani, akamwonyesha dari, kwa sababu hakujua la kumwonyesha zaidi. Bibi aliitazama dari, akasema imekaa vizuri. Walipofika mlango wa nyuma aliushika kitasa yeye mwenyewe, akaunyanyua kidogo, akasukuma.

Alipoweka mguu nje, mashina ya peoni yalivimba kwa chini. Uvimbe ulipanda mmoja baada ya mwingine, bila haraka, matumba yakatokeza na nyuzi zake za kijani, yakapasuka, yakafunguka yote, na bustani ikanukia. Simu ya Mwanamize ikalia. Alikuwa Mumbua, yuko zamu.

"Mama Asma, huku zimeingia chini zote. Zulia liko sawa kabisa. Jemima anauliza kama aondoe ile koni."

"Mwambie aiache mpaka saa kumi na moja," alisema Mwanamize.

Jirani alichungulia juu ya uzio, akasema afadhali mwaka huu yamekubali, akampungia Bibi Denise mkono kama mtu aliyeonana naye jana, akarudi kwenye mashine yake ya kukata majani.

Walikula pilau na kachumbari nje. Bibi alikula wali wote, nyama akaila kidogo. Mwanamize alileta kidaftari chake, akamwonyesha vipimo vya miaka minne, kina na maji na tarehe, kwa sababu swali lilikuwa bado linamkaa kifuani. "Nilikosea wapi?"

Bibi alivaa miwani akasoma kurasa zote. "Hukukosea popote," alisema. "Umezitunza vizuri kuliko mama. Mama hakupima chochote. Alikuwa akizimwagia chai iliyobaki, akizitukana."

Mwanamize alikuwa ametarajia kwamba akiambiwa hana kosa angejisikia mwepesi. Alijiangalia ndani akakuta uzito uko pale pale, na hakujua auweke wapi.

Baada ya chakula bibi aliomba kupanda juu. Alichukua dakika kumi kwenye ngazi, akikataa kushikwa. Chumba cha mbele kilikuwa cha Asmahan. Msichana alimpisha kwenye kiti chake cha kusomea, yeye akakaa kitandani, na wote wawili wakaangalia dari.

"Unataka chumba chako?" Asmahan aliuliza kwa Kiingereza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwuliza.

"Ndiyo," alisema Bibi Denise.

"Sawa," alisema Asmahan.

Hawakujua kinachofuata ni nini baada ya hapo. Kwa hiyo Asmahan akamwonyesha kabati alivyolipanga, na bibi akamwonyesha ubao wa sakafu ambao ukiukanyaga usiku, walio chini wanajua uko macho. Kutoka jikoni Mwanamize alisikia ubao ule ukilia mara tatu. Alikuwa akiosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano teksi ya Kulwinder ilirudi. Maulid alimfungia bibi pilau kwenye bakuli lenye kifuniko na kulifunga na mfuko. Bibi aliaga kwa kumshika kila mtu mkono. Alimwambia Mwanamize asiyakate majani ya peoni hadi Oktoba, hata yakiwa mabaya, na kwamba mwakani atakuja mapema kidogo, matumba yakianza. Mwanamize alisema akija wakati wowote mlango uko wazi, na mara moja akayasikia maneno yake mwenyewe na kuona haya.

Wakamkalisha kiti cha nyuma. Kulwinder alikuwa mtu wa taratibu, na sheria ilimtaka amwulize kila abiria, hata kama anajua. Akageuka.

"Haya, mama. Tunakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Bibi Denise. "Namba hamsini na tatu." Akataja mtaa.

Kulwinder akatazama simu yake, kisha akatazama namba iliyopigiliwa mlangoni.

"Mama, tuko hapo."

"Najua," alisema Bibi Denise.

Kulwinder alimtazama Mwanamize. Maulid aliangalia bakuli la pilau kwenye mapaja ya bibi. Nyuma ya nyumba maua yalikuwa yameanza kuteremka, na Asmahan, aliyesimama kwenye dirisha la juu la nyuma, alikuwa akiyahesabu kwa sauti.

Mwanamize aliinama kwenye dirisha la dereva, akampa anwani ya Shard End. Aliitaja mara mbili, pamoja na namba ya posta, asije akapotea. Kisha akazunguka upande wa pili, akasubiri hadi bibi alipouondoa mkono wake kwenye ukingo, akaufunga mlango.